Okonkwo alikuwa anafuata mila za Waigbo, au alikuwa anazivunja?

kurasa_mia

Habari za jioni wanajukwaa. Kikundi chetu cha usomaji kimemaliza Shujaa Okonkwo, ile tafsiri ya Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958 kuhusu Waigbo wa Nigeria, na tumegawanyika vibaya. Nusu yetu wanasema kitabu kinafichua mila katili: mapacha wanatupwa msituni, wake wanapigwa, osu, watu waliowekwa wakfu kwa miungu, wanatengwa kama wenye ukoma. Nusu nyingine wanasema Umuofia, kwao Okonkwo, ilikuwa imetulia na aliyeivuruga ni mzungu.

Mimi nimekwama kwa Ikemefuna. Kijana ameletwa kutoka Mbaino kuwa fidia ya mwanamke wa Umuofia aliyeuawa huko. Amelelewa kwa Okonkwo miaka mitatu, anamwita baba, amekuwa kaka kwa Nwoye, mwana wa Okonkwo. Halafu siku inafika, na Okonkwo mwenyewe anampiga panga. Kama mila ndiyo iliyotaka hivyo, mbona rafiki yake Obierika anamlaumu? Na kama haikutaka, mbona hakuna aliyemtoza hata kuku?

La pili: kuna mtu humu anayewajua Waigbo kwa karibu? Ule mzunguko wote wa kola, ile mbegu wanayokaribishia wageni, vijiti vya mahari, mizimu ya mababu inayoketi kuhukumu kesi, ni mambo ya kweli au ni ufundi wa mwandishi?

Mama Obinna

Habari njema, mwanangu. Nimeolewa huku Anambra, si mbali na Awka, na watoto wangu ni wa huku. Nitakujibu kadiri ninavyoishi na nilivyosoma, na nitaanza na Ikemefuna maana hapo ndipo watu wengi wanapoitupa haki ya watu hawa.

Rudi usome Ezeudu alipomjia Okonkwo. Mzee yule anasema mambo mawili, na wasomaji wengi hubeba moja tu. La kwanza, mzimu wa Vilima na Mapango umeamua kijana auawe. La pili, wewe usiweke mkono wako, kwa sababu anakuita baba. Hilo la pili nalo ni mila! Tena limetamkwa na mzee anayeheshimiwa kuliko wote katika ule mtaa. Mila ilikuwa imemfungulia Okonkwo mlango wa kubaki nyumbani bila aibu yoyote. Obierika alibaki nyumbani, na hakuna aliyemwita mwoga. Okonkwo akaenda, na kijana alipokimbilia kwake akaogopa kuonekana dhaifu, akampiga. Kilichouinua ule mkono ni hofu yake ya kufanana na Unoka, baba yake mpiga filimbi aliyekufa na madeni.

Sasa, mbona hakutozwa? Kwa sababu damu yenyewe iliamriwa na mzimu, wanadamu hawakuwa na kesi ya kufungua. Lakini Obierika anamwambia wazi kwamba jambo lile halitampendeza Ani, mungu wa ardhi, na kwamba Ani hufuta ukoo mzima kwa mambo ya namna hiyo. Huku kosa dhidi ya ardhi huitwa nso ala, na ardhi haina haraka. Mimi nasoma yaliyofuata hivi: msiba wa kwanza mkubwa baada ya pale ni wa Ezeudu huyohuyo aliyemwonya. Katika mazishi yake bunduki ya Okonkwo inalipuka na kumuua mtoto wa marehemu, kijana wa miaka 16. Okonkwo anahamishwa miaka saba, nyumba zake zinachomwa, na kati ya wanaochoma yumo Obierika, rafiki yake wa damu, asiye na chuki naye hata chembe. Achebe hakuandika popote kwamba hili limetokana na lile. Ila mkwe wangu mwanamume, mwalimu mstaafu aliyekisomesha kitabu hiki kwa vizazi vya watoto, alikuwa akifika hapo anafunga kitabu, anauliza darasa: nani amemhukumu?

Ukishaona hapo, hesabu vizuri mengine. Wiki ya Amani, ambapo hata neno kali halitakiwi kabla ya kupanda, Okonkwo anampiga mke wake Ojiugo kwa sababu alikwenda kusukwa nywele hakurudi kupika. Kuhani wa Ani anamfuata hadi nyumbani, anakataa kola yake, anamtoza mbuzi jike, kuku, kitambaa na kauri 100. Sikukuu ya Kiazi Kikuu inakaribia, anamfyatulia Ekwefi, mke wake mwingine, risasi. Mwishoni anamkata kichwa tarishi wa serikali huku mkutano haujaamua lolote. Kisha anajinyonga, na kujinyonga ni chukizo kubwa kwa ardhi kiasi kwamba watu wa Umuofia hawawezi kumgusa, inabidi waombe wageni wamshushe. Huyu ndiye mnayemfanya kipimo cha mila za Waigbo? Mimi namwonea huruma sana Okonkwo, alikuwa mchapakazi na aliipenda Umuofia. Lakini kila alipoikaza mila, aliikatia mahali ambapo wazee wenzake walikuwa wameiachia nafasi.

Na hao wazee walikuwa wanabishana! Hili ndilo ninalotamani kila msomaji alione. Ezeudu anasimulia kwamba zamani aliyevunja Wiki ya Amani aliburutwa chini kijijini kote mpaka afe, na desturi ile ikaachwa kwa sababu iliharibu amani ileile iliyotakiwa kulindwa. Tena anazilaumu koo nyingine zinazomtupa msituni mtu aliyekufa wiki hiyo badala ya kumzika. Obierika na wageni wake wanakaa na tembo la mchikichi wakishangaa kwamba sehemu nyingine mtoto ni wa upande wa mama. Na baada ya Okonkwo kuondoka, Obierika anakaa peke yake anawakumbuka mapacha wa mke wake aliowatupa, anajiuliza wana kosa gani. Mmisionari hakuwa amefika bado. Swali lile lilizaliwa ndani ya obi, chumba cha baba wa nyumba, ya Mwigbo.

Kuhusu kola na mahari nitakuja baadaye, nina wageni.

mwl_fasihi

Mama Obinna shikamoo. Nimefurahi sana. Ninafundisha riwaya hii na ninaongeza jambo ambalo wanafunzi wangu hulikosa kwa sababu kitabu kimemfuata mwanamume mmoja.

Nguvu ya wanawake imo pembeni mwa kurasa zake, inataka jicho. Chielo ni mjane wa kawaida sokoni, lakini Agbala, mungu anayemtumikia, ikimshika anamchukua Ezinma, binti wa Okonkwo, usiku na Okonkwo mwenye majina yake yote ya heshima anamfuata gizani akiwa na panga, asiweze kumzuia. Kule Mbanta, kwa wajomba zake Okonkwo alikohamishiwa, kabla bi harusi wa Amikwu hajakabidhiwa, anayemhoji kuhusu uaminifu wake ni Njide, binti mkubwa wa Uchendu, mjomba wa Okonkwo, akiwa na mabinti wa ukoo wamekaa duara. Wanaume wanasikiliza. Hao ndio umuada, mabinti waliozaliwa katika ukoo, hata wakiolewa mbali.

Nje ya riwaya, wanawake wa Kiigbo walikuwa na njia yao ya kumwadhibu mwanamume anayetesa mke au anayeharibu soko. Walikwenda kwake kwa wingi, wakaimba nyimbo za kumfedhehesha usiku kucha, wakagonga kuta zake kwa michi, na pengine kubomoa paa, hadi aombe radhi. Njia hiyohiyo waliitumia mwaka 1929 dhidi ya machifu walioteuliwa na Waingereza, walipohofia kwamba wanawake watatozwa kodi. Waliuawa kwa risasi zaidi ya 50. Machifu wale ni uzushi wa serikali ya kikoloni, kwa sababu sehemu kubwa ya Waigbo hawakuwa na mfalme. Anayesema mila iliwanyamazisha wanawake, na aeleze vuguvugu lile lilitoka wapi.

Someni Efuru ya Flora Nwapa, mwaka 1966. Efuru anakwenda kwa Adizua kabla mahari haijalipwa, kwa kuwa kijana hana kitu. Aibu ipo, na baba yake anaumia. Lakini wawili wanafanya biashara, na mahari inakuja kulipwa kwa jasho lao wote wawili. Mume akimtoroka, Efuru hasambaratiki. Anachaguliwa na Uhamiri, mwanamke wa ziwani kule Oguta, na siku ya Orie inakuwa yake takatifu. Hapo utapata mila zilezile za Shujaa Okonkwo, lakini zimetazamwa kutoka jikoni, sokoni na ziwani.

jua_la_utosi

Naheshimu maelezo ya hapo juu, lakini naona tunapamba. Mapacha walitupwa kweli. Osu walitengwa kweli, wakakatazwa kuoa watu huru, kwa sababu tu babu yao aliwekwa wakfu kwa mungu fulani. Wa kwanza kuingia kanisa la Mbanta ni waliokataliwa na jamii: mama aliyekuwa akipoteza mapacha wake, osu, Nwoye mwenye jeraha la Ikemefuna. Achebe mwenyewe baba yake alikuwa mhubiri. Mbona hatusemi wazi kwamba ile jamii iliwafukuza watoto wake kabla mzungu hajawapokea?

kurasa_mia

Nashukuru wote. Mama Obinna, shikamoo, swali la jua_la_utosi ndilo linalorudi kila Jumamosi kwetu. Na bado nasubiri habari ya kola na vijiti.

Mama Obinna

Marahaba mwanangu. Wageni wameondoka, na ilikuwa ni kola hasa iliyotuchelewesha, kwa hiyo nianzie hapo.

Baba mkwe hupokea wageni katika obi yake, chumba cha mbele cha baba wa nyumba. Kola inaletwa kwenye sahani ya mbao pamoja na siagi ya karanga yenye pilipili na bilinganya zile nyeupe ndogo. Haimegwi papo hapo. Sahani inazungushwa, kila mgeni anaigusa au anaitazama, na mzunguko unafuata ujamaa: nani ni ndugu wa karibu wa nani, kijiji gani kilizaliwa kabla ya kipi. Ukikosea njia, wazee wanakurudisha. Mwisho sahani inarudi kwa mwenyeji, kisha mzee anaombea, kwa Kiigbo tu, maana husema kola haisikii Kiingereza. Anaomba uzima, watoto, mavuno, na mwewe na tai wote watue. Anayevunja ni mwanamume. Sisi wanawake hatuvunji, na katika nyumba hii nimeona profesa mwanamke akila kipande alichovunjiwa na kijana mdogo kuliko mwanawe. Linaniuma, nalisema. Kola ikifunguka vipande vinne kila mtu anafurahi, kwa kuwa siku za wiki ya Kiigbo ni nne: Eke, Orie, Afo, Nkwo. Ukirudi kwenye sura ya kwanza utamkuta Unoka na Okoye wakishindana kumpa mwenzake heshima ya kuvunja, ingawa Okoye amekuja kudai deni lake. Achebe hakutunga. Alizaliwa Ogidi mwaka 1930, kilomita chache kutoka Onitsha, na mambo haya aliyaona kwa majirani hata kama nyumba yao ilikuwa ya kanisa.

Vijiti navyo ni vya kweli. Kwenye mapatano ya mahari ya Akueke, binti wa Obierika, Obierika anatoa vijiti 30, wakwe wanarudisha 15, kaka yake Machi anaongeza 10 juu ya vile 15, wanakwenda hivyo hadi mifuko 20 ya kauri. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayetaja bei ya binti kwa mdomo. Siku ya wifi yangu wazee wa pande mbili walitoka nje wakakaa faragha, na waliporudi hatukuambiwa kiasi. Kisha wifi akapewa kikombe cha tembo amtafute mumewe katikati ya umati, vijana wakimpigia kelele awape wao. Alipompata akapiga magoti, akaonja, akampa. Kabla ya hapo baba yake alimuuliza mara tatu mbele ya watu wote: tuinywe tembo hii? Neno la binti ndilo lililofunga ndoa. Katika riwaya Akueke anaingia, anasalimia, anatazamwa, anatoka. Hapo naona kalamu ya mwanamume.

Sasa jua_la_utosi. Umesema kweli na sitaki kuipunguza. Mapacha walikufa. Osu walidhulumiwa, na dhuluma ile haijaisha. Bunge la Jimbo la Mashariki lilipitisha sheria ya kuufuta uosu mwaka 1956, na bado leo kijana akileta mchumba, wazee hutuma mtu kimyakimya kijijini kwa binti kuuliza habari za ukoo. Nimeona uchumba ukivunjika hivyo kati ya watu wawili wa kanisa moja. Ndiyo maana naumia zaidi nikisoma Hamkani si Shwari Tena, tafsiri ya No Longer at Ease ya Achebe, kuliko Shujaa Okonkwo. Obi, mjukuu wa Okonkwo, amesoma Uingereza, ana kazi Lagos, anampenda Clara, na Clara ni osu. Nyumbani anayemkataza kwanza ni baba yake Isaac, na Isaac ndiye Nwoye! Nwoye yule aliyekimbilia kanisa kwa sababu ya Ikemefuna na mapacha. Mama naye anasema akimwoa Clara yeye yu hai, atajiua. Kanisa lilimpokea osu wa Mbanta, likamnyoa nywele, likamkalisha kwenye benchi, na kizazi kilichofuata benchi lilelile likakataa kumpa mke. Kwa hiyo ukisema mzungu aliwapokea watoto waliofukuzwa, ongeza na sura hiyo.

Ninachokataa ni kulichukua kosa moja na kulifanya jina la watu wote. Umuofia ileile ilikuwa na mahakama. Uzowulu alikuwa akimpiga Mgbafo mpaka kaka zake wakaja kumchukua. Kesi ikaenda kwa egwugwu tisa, wazee waliovaa vinyago vya mizimu ya mababu wa vijiji tisa, na mbele ya umati Uzowulu akaamriwa apeleke tembo kwa wakwe na kumwomba mkewe arudi. Mzee mmoja alishangaa kwa nini jambo dogo kama lile lifike kwa egwugwu, na mimi neno hilo dogo linaniudhi kila mara. Lakini mwenzake akajibu kwamba Uzowulu asingesikia hukumu nyingine yoyote. Walijua mtu mkaidi anahitaji kuhukumiwa na nani.

Na mambo yanaendelea kubishaniwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Nigeria, ile ya mwisho kabisa, iliamua kwamba mila ya Kiigbo inayomnyima binti urithi wa baba yake inapingana na katiba. Hapa kwetu wapo waliokasirika na wapo waliopiga vigelegele, na kesi ilifunguliwa na binti mwenyewe. Ukisoma The Joys of Motherhood ya Buchi Emecheta, ya mwaka 1979, utaelewa kilichokuwa mizanini. Nnu Ego wa Ibuza anazaa, anasomesha watoto kwa kuuza kuni na sigara Lagos, akiamini watoto wa kiume ndio utajiri, kisha anafia kando ya njia bila mkono wa mtoto hata mmoja. Baada ya kufa wanamfanyia mazishi ya kifahari. Nilikisoma nikiwa na mimba ya Obinna, nikalia mpaka mama mkwe akaja kuuliza kuna msiba gani.

kurasa_mia

Mama, hii yote ninaichapa niende nayo. Tunataka kuendelea na Achebe kabla ya kuhamia kwa Nwapa. Tuanze na Hamkani au Arrow of God?

Mama Obinna

Arrow of God, ya mwaka 1964, mwanangu, msiiruke. Kwa swali lenu hakuna kitabu kinachofaa zaidi. Ezeulu ni kuhani mkuu wa Umuaro, vijiji sita, na kazi yake ni kula kiazi kitakatifu kimoja kila mwezi mwandamo. Vikiisha, anatangaza Sikukuu ya Kiazi Kikuu, ndipo watu wavune. Waingereza wanamweka kizuizini Okperi, miezi inapita bila yeye kula kiazi, na anaporudi viazi vimebaki. Anakataa kuvila kwa haraka. Mazao yanaozea ardhini, watoto wana njaa, na kanisa linawaambia watu walete viazi vyao kwake, watavuna bila kudhurika.

Wazee kumi wenye majina ya heshima wanamwendea. Hawamwambii aiache mila. Wanamwambia: kula viazi vilivyobaki, na kama ni chukizo, liwe juu ya vichwa vyetu sisi kumi. Walikuwa tayari kubeba laana ili watu wale. Naye anakataa, na mwandishi ametuachia tujue kwamba moyoni mwake ana kinyongo na Umuaro tangu zamani.

Waulize wenzako Jumamosi: siku ile, mila ilikuwa kwa nani, kwa kuhani aliyehesabu viazi au kwa wale kumi? Mjibu kwa kurasa, msijibu kwa hasira. Halafu uje unieleze nani alishinda, baba mkwe amekwisha kuniuliza kama wasomaji wako wamefika pale.